Ugonjwa wa Fizi: Je, Wanaume na Wanawake Hupona Sawa?

Katika kufundisha Kiswahili cha hospitalini, wengi wetu tumezoea kuchukua matini za malaria, ukimwi na lishe. Magonjwa ya kinywa husahauliwa, ingawa karibu kila mwanafunzi darasani amewahi kutema mate yenye damu anapopiga mswaki. Safari hii tumeona vyema tulete mada ya ugonjwa wa fizi, na hasa swali moja ambalo limezua mjadala mkali kati ya wanafunzi wetu: mwanamume na mwanamke wakipewa tiba ile ile, je, hupata matokeo sawa? Swali ni la tiba, lakini sehemu kubwa ya jibu lake inategemea maneno tunayoyachagua. Ndiyo sababu tunathubutu kulileta katika jarida la walimu wa lugha, bila kujifanya madaktari.

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, matini za afya kwa Kiswahili zinahitajika zaidi hapa nchini. Aghalabu matini hizo hutafsiriwa kutoka Kiingereza, na tafsiri huwa na mitego yake. Tutaona miwili au mitatu hapa.

Ugonjwa wenyewe

Ufizi ni nyama inayolizunguka jino pale linapotokea. (Ufizi huu, fizi hizi, tuwakumbushe wanafunzi.) Kila siku juu ya jino hujengeka utando laini wa bakteria uitwao ukoga. Ukoga usiposuguliwa hupokea madini yaliyomo katika mate, ukagandamana na kuwa ugaga, yaani uchafu mgumu kama jiwe ambao mswaki hauwezi tena kuuondoa. Mwili hupambana na bakteria hao, na mapambano hayo ndiyo yanayoufanya ufizi uvimbe, uwe mwekundu na utoke damu.

Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1965 huko Denmark. Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kupiga mswaki. Kati ya siku 10 na 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia kusafisha meno, fizi zikarudi hali yake kwa muda wa juma moja hivi. Ni jaribio dogo, lakini ni msingi wa karibu kila somo la usafi wa kinywa linalofundishwa hadi leo.

Kwa baadhi ya watu uvimbe hauishii hapo. Ufizi huachana na jino, mfupa unaolishika jino huanza kulika, na katikati hubaki nafasi ambayo madaktari huiita mfuko. Ufizi mzima una mwanya wa milimita 1 hadi 3 tu. Mfuko ukifika milimita 5, 6 au 7, mswaki haufiki chini, bakteria hustawi, na hatimaye jino hulegea. Hatua hii ya pili, yaani ugonjwa wa fizi unaokula mfupa, ndiyo tutakayoizungumzia.

Hapa tuweke neno kuhusu kiseyeye. Watu wengi huita kiseyeye kila ugonjwa wa fizi zinazotoka damu. Lakini neno hilo hilo hutumika pia kwa ugonjwa unaoletwa na ukosefu wa vitamini C, na hayo ni mambo mawili tofauti. Maoni yetu ni kwamba kiseyeye kiachiwe ugonjwa wa vitamini, asije mgonjwa akala machungwa mwezi mzima huku ugaga ukibaki palepale.

Nani huugua zaidi

Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa Marekani mwaka 2009 na 2010, watu wazima wa miaka 30 na zaidi walipimwa vinywa vyao kwa ukamilifu. Wanaume waliokuwa na ugonjwa unaokula mfupa walikuwa asilimia 56.4, na wanawake asilimia 38.4. Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2010 Shiau na Reynolds walizipitia tafiti nyingi zilizotangulia wakakuta picha ile ile: wanaume wanaougua ni wengi zaidi. Hata hivyo waliongeza jambo ambalo mara nyingi hukatwa katika muhtasari: hawakuona kwamba ugonjwa huwaendea wanaume mbio zaidi kuliko wanawake. Kuwa wengi zaidi ni jambo moja, na kuharibikiwa haraka zaidi ni jambo jingine.

Kwa nini basi wanaume ni wengi? Hapo tunakutana na mtego wa kwanza wa lugha. Wataalamu wengi wa Kiswahili hutofautisha jinsi na jinsia. Jinsi ni maumbile: kuzaliwa wa kiume au wa kike, pamoja na homoni na chembe za mwili zinazoendana na hali hiyo. Jinsia ni yale ambayo jamii humpangia mtu kwa kuwa mwanamume au mwanamke: kazi, mavazi, mwenendo, hata nani aende kwa daktari lini. Tunakiri kwamba katika mazungumzo ya kawaida neno jinsia limelimeza jinsi, labda kwa sababu jinsi lina kazi nyingine nyingi katika sentensi. Lakini kwa mada hii tofauti hiyo si ya anasa. Bila hiyo hatuwezi hata kuuliza swali sawasawa.

Upande wa jinsi yapo mambo ya kweli. Miili ya wanaume na wanawake haipigani na bakteria kwa namna moja. Kwa ujumla wanawake hutengeneza kinga za damu kwa nguvu zaidi. Homoni ya estrojeni husaidia kulinda mfupa, na inapopungua baada ya hedhi kukoma, mifupa hupoteza uzito. Wakati wa ujauzito fizi huvimba na kutoka damu kwa urahisi hata pale ambapo ukoga haukuongezeka, kisha hali hiyo hutulia baada ya kujifungua.

Upande wa jinsia kuna mengi zaidi. Sigara ndiyo ya kwanza. Uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku uliofanywa Uganda mwaka 2013 ulikuta watumiaji wa tumbaku ni asilimia 11.6 ya wanaume na asilimia 4.6 ya wanawake. Nchini Kenya, mwaka 2014, ilikuwa asilimia 19.1 kwa wanaume na 4.5 kwa wanawake. Sigara hudhoofisha kinga ya ufizi na kuchelewesha kupona kwa jeraha, na ina ujanja mwingine mbaya: hupunguza damu inayotoka. Fizi za mvutaji huweza kuonekana zimetulia ilhali chini yake mfupa unalika. Mtu huyo hapati ile ishara ya damu kwenye mswaki, basi hukawia kwenda kutibiwa.

Aidha, katika nchi nyingi wanawake hupiga mswaki mara nyingi zaidi na huenda kwa daktari wa meno mapema zaidi kuliko wanaume. Hakuna homoni inayompeleka mtu kliniki. Ni malezi na mazoea, na pengine ile fikra ya kiume kwamba maumivu ya jino huvumiliwa mpaka yashindikane.

Milimita zinavyodanganya

Sasa tufike kwenye tiba. Tiba ya msingi haijabadilika sana kwa miaka mingi: daktari au msaidizi wake hukwangua ukoga na ugaga juu ya jino na chini ya ufizi, mpaka kwenye mzizi, kisha mgonjwa hufundishwa kusafisha kinywa chake kila siku. Baada ya majuma kadhaa, aghalabu kati ya sita na kumi na mawili, mifuko hupimwa upya kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Kila jino hupimwa mahali sita. Mwenye meno 28 hupimwa mahali 168, na msaidizi huandika tarakimu zote hizo. Mwanafunzi anayedhani kazi ya daktari wa meno ni kung'oa tu na aambiwe habari hii.

Tafiti zilizokusanywa kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba mifuko ya milimita 4 hadi 6 hupungua kwa wastani wa milimita 1 na kidogo, na ile ya milimita 7 na zaidi hupungua kwa milimita 2 hivi. Kadiri mfuko ulivyo wa kina, ndivyo unavyopungua zaidi. Tuliangalie jambo hili kwa makini, kwani hapa ndipo hesabu na lugha zinapogongana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamume amekuja na mfuko wa milimita 7. Baada ya tiba umebaki 5. Mwanamke amekuja na mfuko wa milimita 5, umebaki 4. Nani amefaidika zaidi? Ukitazama kiasi kilichopungua, ni mwanamume: milimita 2 dhidi ya 1. Ukitazama kilichobaki, ni mwanamke, kwa sababu mfuko wa milimita 4 usiotoka damu huhesabiwa kuwa umefikia lengo, na mfuko wa milimita 5 unaotoka damu bado una kazi. Mwongozo wa tiba uliotolewa mwaka 2020 na Shirikisho la Ulaya la wataalamu wa fizi unatumia kipimo hiki cha pili: kusiwe na mfuko unaozidi milimita 4 na kutoka damu, wala mfuko wa kina wa milimita 6 au zaidi.

Kwa hiyo waandishi wawili wanaweza kuwapima wagonjwa wale wale, mmoja akaandika kwamba wanaume hunufaika zaidi na tiba, mwingine akaandika kwamba wanawake hupona vizuri zaidi, na wote wawili wakawa wamesema kweli. Kilichotofautiana si dawa wala mwili. Wanaume walianza safari wakiwa mbali zaidi. Ni kama wasafiri wawili waendao Kampala, mmoja akitoka Masaka na mwingine akitoka Mbarara. Yule wa Mbarara, aliye mbali zaidi, anaweza kwenda kilomita nyingi kumzidi mwenzake na bado akawa hajafika.

Mizani ikisawazishwa, yaani wakilinganishwa wanaume na wanawake walioanza na mifuko ya kina kimoja, wasiovuta sigara, wasio na kisukari kisichodhibitiwa, na wanaosafisha kinywa vilevile, tofauti kubwa ya mwanzo hupungua sana, na katika tafiti nyingi haibaki sababu ya kumtabiria mtu matokeo yake kwa kutazama jinsi yake. Wataalamu waliokutana Chicago mwaka 2017 kupanga upya madaraja ya ugonjwa huu, ambayo yalichapishwa mwaka 2018, waliweka mambo mawili tu ambayo kila moja linaweza kumpandisha mgonjwa kwenye daraja la hatari: sigara, hasa 10 au zaidi kwa siku, na kisukari. Jinsi haikuwekwa. Kwa maoni yetu hilo linasema mengi. Sigara huweza kuachwa na kisukari huweza kudhibitiwa. Kuzaliwa mwanamume si jambo la kutibiwa.

Sasa tuirudie sentensi tuliyoikuta katika daftari la mwanafunzi mmoja: "Wanaume hawaponi ugonjwa wa fizi kama wanawake." Kisarufi haina kasoro. Lakini mwanamume anayeisoma ataelewa nini? Ataelewa kwamba mwili wake hauwezi, basi ya nini kupoteza nauli. Afadhali kuandika: "Wanaume wengi huja kutibiwa wakiwa wamechelewa, na wengi zaidi huvuta sigara, kwa hiyo hubaki na mifuko mingi baada ya tiba." Sentensi ni ndefu zaidi, lakini inamwonyesha msomaji mahali pa kushika.

Neno kupona

Mtego wa pili ni kitenzi chenyewe. Katika Kiswahili mtu akipona amepona; malaria imekwisha, anarudi shambani. Ugonjwa wa fizi unaokula mfupa hauishi hivyo. Mfupa uliokwisha kulika kwa kawaida haurudi wote. Kinachotokea ni kwamba uvimbe huondoka, ufizi hunywea na kushikamana na jino, na ugonjwa husimama. Ufizi ukinywea, meno huonekana marefu na katikati yake hutokea nafasi. Wagonjwa wengine hulalamika kwamba daktari amewaharibia meno, kumbe hiyo ni dalili ya tiba kufanya kazi. Sisi tunapendelea kusema ugonjwa umetulia, kama moto uliofunikwa majivu, kwa kuwa maneno hayo yanamwambia mgonjwa kwamba bado anatakiwa kuangalia.

Na kuangalia ndiko kunakoamua mengi. Mwaka 1978 Hirschfeld na Wasserman walitoa taarifa ya wagonjwa 600 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 22. Nusu yao hawakupoteza hata jino moja kwa sababu ya ugonjwa huu. Hao ni watu waliokuwa wakirudi kliniki. Lakini si wote wanaorudi. Wilson na wenzake, mwaka 1984, waliwachunguza wagonjwa 961 nchini Marekani kwa kipindi cha miaka minane: waliorudi kama walivyoagizwa walikuwa asilimia 16 tu, na asilimia 34 hawakurudi hata mara moja baada ya tiba. Mtu aliyeambiwa "umepona" anarudi kufanya nini? Ikiwa kitenzi kimoja kinachangia kumweka nyumbani, basi hilo ni jambo letu walimu wa lugha pia.

Vibarua wa chai

Mtego wa tatu ni ule ambao tunaupenda zaidi, kwa kuwa unatoka katika uzuri wa lugha yetu wenyewe. Kiswahili hakina viwakilishi vya kiume na vya kike. Yeye ni yeye. Mgonjwa, mtafitiwa, mkulima, mwalimu: ngeli ya A-WA huwapokea wote bila kuuliza. Mara nyingi hiyo ni neema, na wanafunzi wetu wanaotoka kwenye Kiingereza hushukuru. Lakini katika taarifa ya utafiti, neema hiyo huweza kuficha jambo.

Utafiti mashuhuri kuliko wote kuhusu mwenendo wa ugonjwa wa fizi usiotibiwa ulianza mwaka 1970 katika mashamba ya chai ya Sri Lanka. Löe yuyo huyo wa Denmark na wenzake waliwafuatilia vibarua 480 ambao hawakuwa wakipiga mswaki wala hawakuwa na huduma ya meno. Taarifa yao ya mwaka 1986, baada ya miaka 15, ilisema kwamba asilimia 8 waliharibikiwa haraka, asilimia 81 kwa kiasi cha wastani, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya uvimbe wa fizi. Tarakimu hizo zimo katika vitabu vya tiba ya meno duniani kote, nazo zimefundisha kwamba ukoga peke yake hauelezi kila kitu. Watu wawili wenye uchafu uleule hawapati hasara ileile.

Sasa, wale vibarua 480 wote walikuwa wanaume. Taarifa ya Kiingereza inasema hivyo waziwazi. Lakini mtafsiri akiandika "vibarua 480", neno wanaume limekwisha kuanguka njiani, na msomaji wa Kiswahili ataamini kwamba asilimia 8 ni ya binadamu wote. Ilitupasa kuwarudishia baadhi ya wanafunzi wetu kazi zao kwa sababu hiyo moja. Huku kwetu, uchunguzi uliofanywa Machakos, Kenya, na kuchapishwa mwaka 1988 na Baelum, Fejerskov na Manji, uliwachunguza watu wazima wa jinsi zote mbili, nao ulionyesha jambo linalokaribiana na lile la Sri Lanka: ukoga na ugaga vilikuwa tele, lakini uharibifu mkubwa ulikuwa umelundikana kwa watu wachache.

Kanuni tunayoitumia darasani ni rahisi. Katika kutafsiri taarifa ya utafiti, jinsi ya watafitiwa itajwe mara ya kwanza wanapotajwa: vibarua wanaume 480, wajawazito 823, wagonjwa wanaume na wanawake kwa idadi zao. Baada ya hapo ngeli ya A-WA iendelee na kazi yake. Fomu za hospitali zenye Me na Ke zimetuzoesha kudhani kwamba habari hiyo ni ya karani. Si ya karani peke yake.

Wajawazito

Hao wajawazito 823 hatukuwataja kwa bahati tu. Kuna imani iliyoenea kwamba mwanamke mwenye mimba asiguswe meno mpaka ajifungue. Hapa ndipo tofauti ya wanaume na wanawake inapogeuka kuwa hasara ya wazi kwa wanawake, kwa sababu ni wao peke yao wanaoambiwa wasubiri miezi tisa huku fizi zikitoka damu. Mwaka 2006 Michalowicz na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani: wajawazito 413 walikwanguliwa ugaga kabla ya majuma 21 ya mimba, na 410 walitibiwa baada ya kujifungua. Fizi za waliotibiwa mapema zilipata nafuu, na tiba haikuwadhuru. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa asilimia 12.0 upande mmoja na 12.8 upande wa pili, tofauti isiyo na uzito kitakwimu.

Matokeo hayo yana pande mbili, na mtafsiri hana budi kuzichukua zote. Asiandike kwamba kutibu fizi huzuia mtoto kuzaliwa njiti, kwani jaribio halikuonyesha hivyo. Wala asiandike kwamba tiba haikuwa na faida, kwani fizi za mama zilipata nafuu, na mama naye ni mgonjwa mwenye haki ya kutibiwa kwa ajili yake mwenyewe. Katika kundi moja la wanafunzi wetu, sita kati ya kumi waliandika lile la kwanza au la pili. Matini hii itatumika tena muhula ujao, na walimu wanaotaka nakala ya zoezi pamoja na orodha ya istilahi wanakaribishwa idarani.